Ukilazwa, Mbwa Atachukuliwa na Nani?

Juno aliachwa peke yake kwenye nyumba tupu kwa siku kumi na moja. Wenye nyumba walihama wakabeba makochi, televisheni, hata mapazia, na yeye wakamwachia mfuko wa chakula uliochanwa mdomo na beseni la maji. Hayo niliyasoma kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni kwa daktari wa mifugo, pale kwenye maduka ya Agincourt ninapongojea basi nikitoka kazini. Mimi husoma polepole, kwa kufuata na kidole, kwa hiyo mabasi mawili yalinipita. Chini ya maneno kulikuwa na picha. Haski, mbwa wa nchi za barafu, manyoya meupe na kijivu, jicho moja la buluu na jingine la kahawia. Hakuwa anamwangalia mpiga picha. Alikuwa anauangalia mlango.

Ningekuwa mtu wa kulia ningelia hapohapo kituoni. Badala yake niliichana ile karatasi ndogo yenye namba ya simu nikaitia kwenye pochi.

Mimi naitwa Gakii na nina miaka hamsini na minne. Niliacha shule nikiwa darasa la tatu, mama alipofariki, kwa sababu mdogo wangu Winfred alikuwa bado ananyonya na hapakuwa na mwingine wa kumbeba. Nikamlea. Akasoma, akawa nesi, akaja Toronto. Alipojifungua Melissa akanipigia simu Meru: "Njoo miaka miwili tu, dada, mpaka mtoto ajue kutembea." Melissa akajua kutembea. Akaja Sam, naye akajua kutembea. Nilikaa miaka kumi na saba nikipika, nikifua, nikipeleka watoto shule kwenye theluji ambayo sikuwa nimewahi kuiota, na nikilala kwenye kitanda cha kukunja kando ya mashine ya kufulia.

Jumamosi moja nilirudi kutoka dukani nikakuta mabegi yangu mawili yamepangwa mlangoni. Kirimi, mume wa Winfred, alikuwa ameshika ufunguo wa gari. Walikuwa wanahamia Richmond Hill kwenye nyumba ya vyumba vitano, na katika hivyo vitano hakikuwapo changu. Hakuna aliyekuwa ameniambia, ingawa baadaye Sam alikiri kwamba walijua tangu Pasaka. Kanisani walieleza kwamba mimi mwenyewe nimetaka kujitegemea. Watu wakanipongeza.

Sasa ni mwaka wa nne naishi chumba cha chini katika nyumba ya Bi Zebunissa. Yeye ni Mhindi wa Nakuru, mjane wa miaka sabini na sita. Zamani aliuza vitambaa na mumewe, na Kiswahili chake hakijamtoka. Mtoto wake Shamil yuko Calgary, na hupiga simu Jumapili. Asubuhi mimi nafua mashuka kwenye nyumba ya wazee, na mchana narudi. Tangu mchana hadi kesho yake, sauti ninayoisikia ni viatu vya Bi Zebunissa juu ya kichwa changu, chumbani hadi jikoni, jikoni hadi chumbani.

Nilipomwomba ruhusa ya kuleta mbwa aliweka kikombe chini.

"Mbwa? Gakii, wewe unajua mimi nasali."

"Najua, Bi Zebunissa. Hatapanda juu. Atapita mlango wangu wa pembeni."

"Na mate yake?"

"Mate yake yatabaki chini na mimi."

"Na kelele? Hawa wa baridi wanalia kama matanga. Nimeona kwenye televisheni."

"Akilia nitamwambia anyamaze."

"Wewe mwenyewe hunyamazi," akasema. Lakini alichukua kalamu akaandika ruhusa kwa mkono wake, mwandiko mzuri wa shule za zamani. Akaongeza masharti mawili: uwanja uoshwe kila siku, na mbwa asikaribie kamba yake ya nguo.

Nilipiga ile namba ya tangazo, na watu wanaookoa mbwa walioachwa wakanitumia kijitabu. Nilikisoma wiki nzima. Haski ni mtoro. Anaruka ua, na akishindwa kuruka anachimba, na akishatoka anakimbia moja kwa moja mpaka achoke, na kuchoka hachoki. Ua uwe mrefu kuliko mtu mzima na lango liwe na makomeo mawili. Asifunguliwe kamba barabarani hata mara moja. Kitunguu ni sumu kwake, zabibu kavu ni sumu, chokoleti ni sumu. Pipa la taka liwe na kifuniko cha kubana. Akiachwa peke yake bila kazi anatafuna makochi.

Mimi sina kochi. Nina viti viwili vya plastiki, na kimoja hakijakaliwa na mtu tangu nikinunue.

Nilianza na ua. Ubao mmoja ulikuwa umeoza, nikaung'oa nikapigilia mwingine. Kisha nikachukua sepetu, nikachimba mfereji kando ya ua wote, kina cha goti, nizike wavu wa waya ili akichimba akutane na chuma. Ardhi ya Novemba ilikuwa haijaganda bado, lakini ilikuwa nzito. Nilichimba siku nne, kila nikitoka kazini. Mgongo uliuma kama wakati ule nikilima shamba la watu ili Winfred apate sare ya shule.

Bi Zebunissa alifungua dirisha la jikoni. "Gakii! Unapanda mahindi Novemba?"

"Napanda mbwa!"

"Basi panda na njugu, usipoteze mfereji!"

Nilicheka peke yangu pale chini, na sauti yangu ikanishangaza.

Ndani nilihamisha vitunguu kutoka kwenye kikapu cha sakafuni nikavining'iniza ukutani. Mmea wangu wa kwenye chungu, ambao kijitabu kilisema una sumu, nilimpelekea Bi Zebunissa. Nilinunua komeo la pili, mshipi wa kifuani, kamba nene ya kutembezea, bakuli zito lisilopinduka na burashi ya manyoya. Halafu nikamwandalia mahali pa kulala. Hapo nilijitahidi. Nilimtandikia mablanketi matatu kwenye kona iliyo mbali na mlango, nikaweka hita ya umeme karibu, nikaziba upenyo wa dirisha kwa magazeti. Mimi najua baridi ya nchi hii. Niliapa kwamba kiumbe aliyekaa siku kumi na moja kwenye nyumba isiyo na moto hataona baridi tena akiwa kwangu.

Ikabaki fomu. Niliijaza mezani kwa siku mbili. Jina, kazi, saa ninazokuwa nje, ukubwa wa uwanja. Swali la mwisho liliuliza: ukiugua au ukilazwa hospitali, mbwa atachukuliwa na nani? Andika jina na simu ya mtu aliyekubali.

Niliandika Melissa. Niliandika kwamba ni binti yangu.

Sikumpigia simu kumuuliza. Kwetu, mtoto wa mdogo wako ni mtoto wako, na uliyembeba mgongoni humwombi ruhusa ya kutaja jina lake. Unalitaja, naye anaitika. Ndivyo nilivyolelewa, na wala haikunipitia akilini kwamba pale penye jina lake ningepaswa kwanza kubisha hodi.

Mkaguzi alikuja Jumamosi saa nne asubuhi. Jina lake Derek, mzee mrefu wa kujitolea mwenye kofia ya sufu na buti kubwa. Nilikuwa nimepika chapati na chai ya maziwa. Mgeni hakagui nyumba ya mtu na tumbo tupu.

"Mama, hairuhusiwi kupokea kitu," alisema kwa Kiingereza chake, akiitazama sahani.

"Hujapokea. Umekaa tu, na chapati zipo."

Alikula tatu. Alikalia kile kiti cha pili.

Kisha tukatoka nje. Alipima ua, akasukuma lango, akapiga teke ardhi kando ya ubao akasikia waya. "Nani amekuchimbia hapa?"

"Mikono hii."

Aliniangalia, akaandika kitu. Ndani alikagua pipa, akakagua vitunguu, akafika kwenye kona ya mablanketi. Alisimama pale muda. Akavua kofia, kisha koti. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso.

"Mama, hii hita ni ya nani?"

"Ya Juno."

"Juno analala kwenye theluji akiachiwa," alisema taratibu. "Ukimweka hapa atakufa kwa joto. Toa hita. Toa mablanketi. Mwache alale mlangoni, kwenye saruji. Na nyumba yenyewe uipunguze moto."

"Na mimi?"

"Wewe vaa sweta."

Nilichomoa waya wa hita, nikakunja mablanketi. Nilikuwa nimeona aibu, lakini yeye alikuwa anacheka bila ubaya, na mimi nikacheka. Akauliza kama nimewahi kufuga mbwa. Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu tulikuwa naye, tunamfunga mchana na kumfungulia usiku alinde ng'ombe. Kalamu yake ikasimama.

"Huyu hutamfunga?"

"Huyu ana ng'ombe gani?"

Kalamu ikaendelea. Nilihesabu kwamba tumemaliza. Akageuza ukurasa wa mwisho akasema, "Huyu binti yako Melissa, nitampigia sasa hivi tuthibitishe. Ni kawaida tu." Akaweka simu mezani, sauti wazi, katikati ya sahani na vikombe.

Melissa aliitika. Ana miaka ishirini na mmoja na sauti yake sasa ni ya mama yake. Derek alijieleza, akauliza kama anakubali kumchukua mbwa wa mama yake ikitokea dharura.

"Mama yangu hana mbwa," Melissa alisema.

"Mama Gakii, wa Agincourt."

Kisha akasema, kwa adabu ya kumsaidia mzee aliyepotea njia, "Oh. Huyo ni anti. Zamani alikuwa anatusaidia nyumbani. Samahani, hakuna aliyeniuliza. Sidhani kama ninaweza."

Alikuwa anatusaidia nyumbani. Niliokota makombo ya chapati mezani, moja moja.

Derek alikata simu. Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu kama angenikaripia. Alisema wao huangalia sana mstari ule, kwa sababu Juno ameshaachwa mara moja, na hawawezi kumpeleka kwa mtu ambaye siku akianguka mbwa atabaki tena na mlango uliofungwa. Alinipa hadi Ijumaa nilete jina la kweli. Baada ya hapo, familia moja ya Mississauga ilikuwa inangoja.

Winfred alipiga kabla Derek hajafika kwenye gari lake.

"Dada Gakii, unawaambia watu mwanangu ni binti yako?"

"Nilimlea."

"Ulimlea nyumbani kwangu, kwa chakula changu. Unamwaibisha mtoto kwa sababu ya mbwa! Kwani umeshindwa kuja kanisani ukae na watu?"

"Watu gani, Winfred?"

Akavuta pumzi. Akabadilisha sauti, ile sauti aliyokuwa anatumia akiwa mdogo akitaka kitu. "Sikiliza. Jumamosi ijayo tuna sherehe ya Melissa ya kumaliza chuo. Watu themanini. Hakuna anayejua kupika mukimo kama wewe. Njoo Alhamisi, ukae nasi mpaka Jumapili, utusaidie. Mimi mwenyewe nitaandika jina langu kwenye hiyo fomu yako. Yameisha?"

Nilitazama kona tupu iliyokuwa ya mablanketi. Nikimkubali, mbwa ni wangu. Ningemenya viazi vya mukimo vya watu themanini na kuviponda na mahindi, Winfred angeniita jikoni na kuniita tena jikoni, na picha zikianza kupigwa ningekuwa na mikono yenye unga. Na kila siku ambayo Juno angekuwa kwangu, ningekuwa naye kwa hisani ya Winfred. Siku akikasirika angelifuta jina lake.

"Nitalala wapi?" nilimuuliza.

"Tutatafuta mahali. Kuna kitanda cha kukunja."

Nilimwambia hongera kwa Melissa, nikakata simu.

Jumapili yote nilipitia majina kwenye simu yangu. Fundi wa bomba. Msimamizi wa kazini. Akina mama sita wa kanisa, wote marafiki wa Winfred. Dada mmoja wa Kitui niliyekutana naye kwenye basi, tukapeana namba tukicheka, wala hatukupigiana. Jumatatu nilipanda ngazi.

Sijazoea kuomba. Nilisimama mlangoni na viatu mkononi.

"Bi Zebunissa, nataka jina lako."

Nilimweleza yote, hata la Melissa. Alinikalisha. Alisikiliza akiwa ameshika tasbihi mpaka nikamaliza.

"Hapana," akasema. "Sikudanganyi, Gakii. Mimi mzee, goti bovu. Mbwa huyo atanivuta mpaka Mississauga. Na kumgusa sitamgusa, halafu nikaoge kila mara kabla ya sala? Hapana. Lakini ukianguka, nitajua. Nisiposikia bomba lako asubuhi, nitajua. Nitapiga simu. Hilo naweza."

Sikuwa najua kwamba hata yeye huko juu huwa ananisikiliza.

Ijumaa nilimpigia Derek mwenyewe, kabla hajanipigia. Nikamwambia hakuna jina. Kuna mama wa juu anayeweza kupiga simu, lakini wa kumchukua mbwa hakuna. Nikamshukuru kwa kuja. Nikamwambia familia ya Mississauga wawe waangalifu na vitunguu.

"Ngoja," alisema. "Mama, kuna njia nyingine. Mchukue bila kumiliki. Anabaki mbwa wetu kwenye karatasi, wewe unamtunza. Ukiugua tunakuja sisi kumchukua, kwa hiyo ule mstari hauhitajiki. Familia ile nitawapa mwingine. Juno anaogopa watoto, na wao wana watatu."

"Anabaki wenu."

"Kwenye karatasi."

"Na akipatikana mtu wa kummiliki?"

"Basi ataenda kwake. Ana miaka minane, mama, wengi hawataki mzee. Lakini siwezi kukuahidi."

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Maneno haya niliyajua. Nilishayaishi miaka kumi na saba: mlishe, mwogeshe, mtembeze kwenye theluji, mzoee, naye si wako, na siku ikifika wenyewe watakuja. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba mimi vya watu nilishalea, nimechoka. Lililotoka likawa jingine.

"Mkija kumchukua, mtaniambia lini?"

"Mapema."

"Mapema ni lini?"

"Wiki mbili?"

"Mwezi," nikasema. "Mwezi mmoja, na muandike. Sitaki kurudi kutoka dukani nikakuta bakuli lake mlangoni. Nataka kujua tarehe. Nataka kumpiga burashi mimi mwenyewe siku hiyo."

Nikasikia Derek akifunua karatasi. Aliandika, akanisomea, nikamfanya arudie. Jumatatu alileta mkataba ukiwa na mstari huo umepigwa chapa, juu ya sahihi ya mkubwa wao. Nilifuata na kidole neno kwa neno. Nikatia sahihi.

Juno alikuja Jumatano, theluji ya kwanza ikianguka. Hakunirukia, hakutikisa mkia. Alizunguka chumba chote mara mbili, akanusa viti, akanusa sweta langu, kisha akaenda kulala kwenye saruji akiutazama mlango. Sikumwita. Usimwite mtu anayengoja. Nilikaa na koti langu, moto umepunguzwa, tukautazama mlango pamoja mpaka giza la saa kumi na moja likaingia.

Siku ya sita ndipo alipokula nikiwa chumbani. Ya tisa alilia, ule wimbo mrefu wa aina yao, na Bi Zebunissa akagonga sakafu mara moja, kisha akaacha.

Jana tulikuwa tunatembea Juno akivuta na mimi nikivutwa, akatusimamisha mwanamke mmoja mwenye mtoto kwenye kigari. Alimsifu macho. Akauliza, "Ni wako?"

"Ni wa watu," nikamjibu. "Nakaa naye tu."

Akasema basi nina bahati, sina jukumu. Nikamwambia ndiyo. Juno alikuwa ameshaona kindi ng'ambo ya barabara. Nikazungusha kamba mara mbili mkononi, nikakaza miguu.